Mshahara wa Dada wa Kazi

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Wiki hii nilikusudia tutafakari 1 Timotheo 4:12, pale Paulo anapomwambia Timotheo awe kielelezo kwao waaminio "katika usemi na mwenendo, na katika upendo na imani na usafi." Usemi nilishauandalia, na imani na usafi nina mengi ya kusema. Vyote vitasubiri. Mwenendo umenikaba koo tangu ibada ya jumuiya.

Jioni ile somo lilikuwa Malaki 3, zaka na dhabihu, na mama mwenye nyumba ndiye aliyetufundisha. Alifundisha vizuri, sitanii. Tulipomaliza nikapeleka vikombe jikoni, nikamkuta dada wa kazi anaosha vyombo. Akaniamkia, kisha akaniomba kwa sauti ya chini nimsemee kwa mama alipwe. Mdogo wake shuleni anadaiwa michango, na yeye hajashika mshahara tangu mwezi wa tatu. Sebuleni bado walikuwa wanaimba.

Nilipofika nyumbani nikafungua tena Malaki. Sisi huwa tunaanzia mstari wa 8, "Je! mwanadamu atamwibia Mungu?", tukashuka hadi madirisha ya mbinguni. Rudi nyuma kidogo, mstari wa 5. Bwana anasema atakuwa shahidi mwepesi juu ya wachawi, wazinzi na waapao kwa uongo, na papo hapo anawataja wanaomwonea mwenye kuajiriwa katika mshahara wake. Wamewekwa fungu moja na wachawi! Ni sura ileile tunayoisoma kila msimu wa kuahidi matoleo ya kanisa, na mstari huo sikumbuki kuusikia ukihubiriwa madhabahuni kwetu.

Nyumba hiyo sitaitaja. Nilimwendea mama mwenyewe kwanza, peke yetu, kama Mathayo 18 inavyotuagiza, tukaongea na tukaomba. Ameshaanza kulipa, na ni yeye aliyeniambia, "Andika, mama, maana si mimi peke yangu."

Kweli si yeye peke yake. Nawajua wapendwa wanaosema, "Lakini anakula hapa, analala hapa, hata nguo nampa mimi." Ndugu yangu, chakula si mshahara. Wewe ofisini ukipewa chai na chapati, mwisho wa mwezi hudai? Yakobo 5:4 inasema ujira uliozuiliwa unapiga kelele, na vilio vimefika masikioni mwa Bwana wa majeshi. Kwa hiyo saa ileile unayoinua mikono kuomba, mbele za Bwana kuna sauti nyingine kutoka jikoni kwako, na amesema wazi kwamba anaisikia.

Halafu tunashangaa mabinti hawa wakihamia kwingine, au wakiacha kabisa kwenda kanisani. Wanatujua. Mchungaji anakuona umevaa suti, mzee wa kanisa anakuona na bahasha yako, lakini dada anakusikia unavyomjibu mumeo saa kumi na moja alfajiri. Anajua ni nani amepiga simu ukamwambia mtoto aseme hupo.

Mtazameni Kornelio, akida wa jeshi la Kirumi, katika Matendo 10. Malaika alipomwambia atume watu Yafa wakamwite Petro, hakutafuta wakubwa wenzake. Aliwaita wawili katika watumishi wa nyumbani mwake, na askari mmoja mcha Mungu wa hao waliomhudumia daima. Nao walipofika kwa Petro, wakiisha tu kutaja jina na cheo cha bwana wao, neno walilolisema juu yake ni kwamba ni "mtu mwenye haki." Watumishi wa nyumbani, wanaofua na kupika! Wao ndio waliokuwa barua yake ya utambulisho kwa mtume. Natamani sana ushuhuda wa namna hiyo, kwangu na kwenu. Angetumwa dada wako leo kwa mchungaji mgeni asiyekujua, angeanza na neno gani?

Jumapili hii, kabla hujaandika jina kwenye bahasha ya ahadi, kaa na dada wako mhesabu pamoja miezi. Kama pesa ipo, mpe mkononi mwake, usimtumie mzazi wake kijijini bila yeye kujua. Kama haipo, mwambie ukweli, mpange tarehe, na umwombe radhi. Ndiyo, mwombe radhi binti wa kazi, watoto wakisikia. Vibarua wa shamba na fundi aliyekujengea ukuta nao wamo humohumo.