Haya

Jumatatu usiku Bibi wa ghorofa ya chini alionja mchuzi wangu wa papa, akakilaza kijiko ukingoni mwa sahani, akasema, "Haya." Leo Ijumaa. Siku zote hizi nimelala na neno hilo na kuamka nalo.

Mnaomjua Bibi tangu nilipowaandikia habari zake za Ramadhani mnajua si mtu wa neno moja. Kazaliwa Malindi ya Unguja, kaja Maskati bado msichana, na Kiswahili chake ni kile cha mjini ambacho hata kwetu Tanga hukisikii tena ila kwa wazee. Kizuri atakisifu mpaka uinamishe kichwa, na kibaya atakwambia ni kibaya na sababu yake. Ndiyo maana "haya" peke yake imeniuma. Mazungumzo yenyewe yalikuwa haya tu:

"Umeroweka muda gani, mwanangu?"

"Usiku kucha, Bibi."

"Maji gani?"

"Ya bomba."

"Haya."

Kisha akamgeukia mgeni wa pili, akamuuliza habari za watoto.

Papa mwenyewe hakuwa mpango wangu. Nilikuwa nimewaahidi wageni nguru wa kupaka. Lakini Oman uvuvi wa nguru hufungwa kuanzia tarehe 15 Agosti mpaka 15 Oktoba ili azaliane, na mimi mwaka wa kwanza huu nilikuwa sijui. Sokoni Seeb kulikuwa na jodari, changu na kolekole, nguru hapana. Muuzaji akanionyesha kidole upande wa samaki wakavu: dagaa waliokauka hata ukiwatikisa wanalia kama changarawe, na papa, ambaye huku humwita awal. Nikanunua nusu kilo. Nilijua kumpika papa tangu nina miaka kumi, sikuwa na wasiwasi.

Nilifanya kama kwetu. Usiku nikamtia kwenye beseni la maji, nikafunika. Asubuhi nikambadilishia maji, nikamkwangua ngozi kwa kisu kwa sababu ngozi ya papa ni msasa mtupu na usipoikwangua utatafuna mchanga. Nikamchemsha mara moja, nikamwaga maji. Nazi mbili za Salalah, tui zito kando na jepesi kando, nyanya mbili, kitunguu, ukwaju wa kiasi cha kiganja, bilingani. Tui jepesi kwanza, zito mwishoni, na ukishatia tui zito huachi kukoroga, lisije likakatika.

Tui halikukatika. Lakini nyama ilivunjikavunjika sufuriani ikawa kama uji, na nyuma ya ukwaju kulikuwa na harufu. Papa ana urea nyingi mwilini, na akishakufa hugeuka amonia, ndiyo ile harufu inayopanda puani. Ukwaju na ndimu huizima kwa ukali wake. Hii ya Jumatatu haikuzimika. Wageni walikula kwa adabu, nami niliiona ile adabu.

Wiki yenyewe imekuwa kubwa: Baba watoto kaanza kazi Suhar na atakuwa anarudi Alhamisi jioni tu, dada kajifungua mtoto wa kiume hospitali ya Bombo, Tanga, kitinda mimba wetu kaanza darasa la kwanza. Na mimi niko na "maji gani?"

Maana swali hilo ndilo lililonichoma kuliko haya yenyewe. Nililichukua kama swali la usafi. Kwani mimi nitaroweka kitoweo cha wageni kwa maji gani? Siku ya Jumanne nilikuwa na jibu zuri la kumjibu. Jumatano nikawa na jibu lingine, zuri zaidi, na lenye adabu kidogo. Yote yamechelewa.

Jana alfajiri nilishuka pwani ya Qurum kutembea. Kwa miezi hii pwani ni ya alfajiri au ya baada ya isha, katikati mchanga unababua nyayo na hewa ni nzito hata shati linakugandia ukiwa umesimama. Maji yalikuwa yamekupwa, mchanga mgumu, vijana wameshapanga magoli ya mawe. Nikaenda mpaka karibu na ile hifadhi ya mikoko. Qurm ni jina la Kiarabu la mti wenyewe, lakini mtu wa pwani ya kwetu akiutazama ataona kuwa ni mchu mtupu: majani yana chumvi ukiyalamba, na mizizi ya kuvutia hewa imechomoza topeni wima kama penseli. Mkoko wenyewe, ule wenye miguu ya kujipinda na shina lililonyooka la kutoa boriti, sikuuona hata mmoja. Boriti za nyumba za zamani za huku zilitoka Lamu na Rufiji. Majahazi ya Sur yalishuka na kaskazi, yakarudi na kusi yamebeba miti. Na wakati wa kwenda hayakwenda matupu. Yalipakia tende, chumvi na papa mkavu.

Nikasimama pale. Papa ambaye bibi yangu wa kwetu alijifunzia kupika huenda alikaushwa pwani hii hii. Samaki ni yule yule, mkono ni ule ule uliofundishwa Tanga, sasa kimeharibika nini njiani?

Leo baada ya sala ya Ijumaa mjukuu wake akaja kugonga. "Bibi anakuita jikoni." Si ukumbini, jikoni. Nikashuka na moyo unadunda.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba. Njoo. Tia mkono hapa." Akafungua bomba la maji baridi.

Yalikuwa moto. Si vuguvugu. Moto wa kuogeshea mtoto ungepunguza kwanza.

Huku tangi la maji liko juu ya paa, linapigwa na jua kutwa nzima, na saa nne usiku bado maji yana joto la mchana. Mimi najua hilo, naoga nayo kila siku. Sikuliunganisha tu na beseni. Kwetu papa hulala kwenye maji ya mtungi au ya kisima, yenye ubaridi wake, anatoa chumvi pole pole na nyama inabaki ngumu. Mimi nimemlaza kwa muda wa saa tisa kwenye maji ya moto, jikoni ambako kiyoyozi huzimwa usiku. Chumvi iliyomhifadhi imetoka upesi, na ikishatoka, joto lile ni la kumwozesha.

Akanionyesha na dawa yake. Kuanzia mwezi wa tano anazima kabisa hita ya bafuni. Lile pipa la hita liko ndani ya nyumba, kwenye kivuli na hewa ya kiyoyozi, kwa hiyo maji yaliyotulia mle ndiyo yanayopoa. Mpaka mwezi wa kumi, bomba jekundu ndilo la baridi na la buluu ndilo la moto.

"Na papa wa huku," akasema, "humlazi. Unampitisha."

Anakata vipande vya kiganja, anasuuza haraka, anavitia kwenye maji yanayochemka tayari yenye ukwaju kidogo. Dakika kumi, anamwaga yote. Maji mapya, dakika kumi nyingine, kisha anaonja yale maji: yakiwa na chumvi ya mchuzi anaepua, yakiwa bado ya bahari anarudia mara ya tatu. Hapo ngozi inavuka kwa vidole bila kisu. Anamchambua angali na joto kufuata nyuzi za nyama, anatoa gegedu, na gegedu analijua kwa kulibana: nyama inakubali, gegedu linateleza. Ukimwacha apoe anakakamaa na utamkata badala ya kumchambua. Leo hakutia tui. Kitunguu chembamba kilichofikichwa kwa chumvi na kukamuliwa, ndimu mbili, pilipili mbichi, wali mweupe. Tumekula kwa mkono, mimi na yeye na mjukuu, na nyama ilikuwa na utamu ambao sijaupata tangu niondoke nyumbani.

Kwenye kahawa nikashindwa kujizuia. Tende kwanza, kisha kikombe, na yeye hujaza robo tu ili kisikupoe mkononi. Nikamuuliza.

"Bibi, Jumatatu ulisema haya."

"Nikasema."

"Ulikuwa na maana gani?"

Akanitazama kama niliyemuuliza jina lake. "Umeniambia maji ya bomba, mwezi wa nane. Nilishajua. Na wageni wa mumeo wamekaa pale. Ningesema nini tena, mwanangu?"

Basi aliponigeuzia mgongo na kuuliza habari za watoto wa yule mgeni alikuwa ananisitiri. Siku nne nimeibeba sitara kama tusi. Alikuwa ameshanijazia tena. Nikanywa, nikakitikisa kikombe kuonyesha nimetosheka, nikambusu mkono. Jumatatu nampelekea sahani, papa wa tui, aliyepitishwa.

Nimepanda juu nimekuta zulia la chumba cha watoto limelowa tena. Fundi aliyekuja Jumatano alisema kiyoyozi kinataka gesi, akajaza, akalipwa. Lakini upepo ni baridi vizuri, maji yanarudi ndani kupitia chini ya chombo, na nje ule mpira wa kutolea maji ni mkavu kabisa. Kwa unyevu wa mwezi huu ungepaswa kudondosha kutwa. Naona umeziba, gesi haikuwa tatizo. Nimeweka ndoo. Baba watoto keshokutwa anarudi Suhar, na sijui kama mpira huo unafikika kutoka dirishani au ni mpaka mtu apande ngazi kwa nje.