Nilivyoenda kuziona Garratt, zile treni zilizopewa majina ya milima yetu

Sisi wa Mbeya treni tunayoijua ni TAZARA, na TAZARA toka imalizike 1975 ni dizeli tupu, gari moshi lenyewe la kuchemsha maji huku kwetu halijafika. Ndo maana nilipokuja kujua kwamba reli ya Afrika Mashariki ilikuwa na vichwa vya mvuke vinaitwa Mount Rungwe, Mount Mbeya na Mount Mtorwi nilishindwa kutulia jamani. Milima yetu kabisa! Hiyo Mtorwi hata wenyeji wengi hawaijui, iko kule upande wa Kitulo.

Vilikuwa vichwa 34 vya klasi 59, aina ya Garratt, yaani kichwa kimoja chenye injini mbili na boila katikati, vilitengenezwa na Beyer Peacock, Manchester, 1955 na 1956, kazi yao kubwa kuvuta mizigo Mombasa–Nairobi. Kufika 1980 vyote vilishatolewa kazini. Rungwe na Mbeya vilikatwa, vikaenda chuma chakavu, inauma kweli. Vimebaki viwili tu, 5918 Mount Gelai na 5930 Mount Shengena, na vyote viko makumbusho ya reli Nairobi.

Mimi ni fundi malori hapa Mwanjelwa, basi nikawa nasubiria safari ya kufuata spea. Ilipotokea nikamwomba tajiri anipe muda kidogo nikimaliza kununua, akakubali, nikaondoka na basi kupitia Dodoma, Arusha, Namanga mpaka Nairobi. Makumbusho yenyewe iko karibu na stesheni, unatembea tu kwa miguu.

Aisee ile mashine ni kubwa. Tani kama 250, magurudumu 28, kati ya hayo 16 ndo yanasukuma, na boila lina kipenyo cha zaidi ya mita 2 wakati reli zake zimeachana mita 1 tu! Siri iko kwenye muundo, ni kama injini mbili, moja mbele moja nyuma, kila moja na silinda zake mbili, halafu boila limening'inizwa katikati kwenye fremu yake, kwa hiyo kwenye kona injini zinageuka kila moja kivyake na boila linabaki limenyooka. Nilipiga magoti kuangalia pale fremu inapokaa juu ya injini ya mbele, pini nene imejaa grisi kavu ya zamani, nikaelewa kila kitu palepale.

Kulikuwa na mzee mmoja mwenyeji, nikamwamkia shikamoo mzee, tukapanda naye juu anakokaa dereva. Akanionyesha kwamba hizi hazikuchoma makaa, ni mafuta mazito yanapulizwa kwa mvuke ndani ya tanuru, na mchochea moto kazi yake ilikuwa kuchungulia moshi muda wote: ukiwa mweusi mafuta yamezidi, usipouona kabisa hewa imezidi, unaotakiwa ni ule mwepesi wa kijivu. Masizi yakiziba mabomba ya boila anamwaga mchanga kwa koleo kupitia tundu la mlangoni, mvuto wa moshi unaubeba mchanga na kukwangua kote. Mimi nasafisha injekta kila wiki na sikuwahi kuwaza njia kama hiyo. Halafu wafanyakazi walikuwa timu mbili, wengine wanaendesha, wengine wamelala kwenye behewa lao nyuma, wanapokezana njiani.

Nina picha za Gelai za kila upande, anayezitaka aseme nimtumie. Sasa hivi natafuta picha ya Mount Rungwe ikiwa kazini, yeyote ambaye babu yake alifanya kazi reli ya Mombasa naomba sana amuulize.