Athumani, Othman, Osman

Jana jioni ukoo wetu ulijadili jina la mtoto aliyezaliwa juzi: mama mkubwa anataka aitwe Athumani, kama marehemu babu, ilhali mpwa wangu, baba wa mtoto, anashikilia kwamba cheti kiandikwe Uthman, kwa madai kwamba hilo ndilo jina sahihi. Dai hilo limenikosesha usingizi, maana jina lenyewe limesafiri mno.

Kamusi za Kiarabu hulieleza kuwa ni kifaranga cha hubara, ndege wa nyikani, au mtoto wa nyoka. Sidhani kama kuna mzazi anayewafikiria viumbe hao anapolichagua. Anayekumbukwa ni Uthman bin Affan, khalifa wa tatu (644–656), aliyesimamia kunakiliwa kwa msahafu mmoja na kuusambaza mijini, na ambaye aliitwa Dhun-Nurayn, mwenye nuru mbili, kwa kuwa aliwaoa mabinti wawili wa Mtume, Ruqayya kisha, baada ya kufiwa, Ummu Kulthum.

Waturuki, ambao lugha yao haina sauti ya th, hulitamka Osman, na kwa Osman wa Kwanza ndiko dola ya Uthmania ilikopata jina. Hata hivyo Pachymeres, mwanahistoria wa Bizanti aliyeishi zama zake, alimwandika Atman, na wapo wanaoshuku kwamba mtawala huyo alizaliwa na jina la Kituruki ambalo baadaye lilivishwa kanzu ya Kiarabu. Huko Afrika Magharibi wana Usman, kama Usman dan Fodio aliyeongoza jihadi ya 1804 iliyozaa ukhalifa wa Sokoto. Senegal huandika Ousmane.

Sisi wa pwani tuliihifadhi th ambayo Istanbul iliipoteza, tukatia u kati ya konsonanti na i mwishoni, irabu ileile iliyofunga Ramadhani na Selemani. Unguja wanapenda Othman, Lamu utakutana na Athman, Uganda ni Asuman. Kwa hiyo Athumani si Uthman lililoharibika. Ni Uthman lililotii sarufi yetu.

Nilimweleza mpwa wangu hayo, akanijibu kwamba maofisa wa pasipoti hawajali sarufi. Hapo ana hoja: ndugu yetu mmoja ni Othman kwenye cheti cha kuzaliwa na Athumani kwenye leseni, na kila apelekapo nyaraka hizo mbili mahali pamoja hudaiwa hati ya kiapo. Nitapiga kura kwa Athumani, mradi liandikwe hivyohivyo tangu cheti hadi kitambulisho.