Zamu yangu ya Alhamisi

Tangu Jumamosi neno la Mama Mzee linanizunguka kichwani. Nikipika lipo, nikilala lipo. Wiki yenyewe haikuwa ndogo, Baba Neema kapata uhamisho wa Tanga na Neema karuhusiwa hospitali, Mungu ashukuriwe. Lakini ninachokiwaza ni yale ya kwenye chumba cha nyuma cha kanisa.

Tulikuwa tunaandaa kitambaa cha zambarau cha madhabahu, maana ni Kwaresma. Kilikuwa na tone la nta. Mama Mzee aliweka karatasi ya kaki juu yake, akapitisha pasi taratibu, nta ikayeyuka ikahamia kwenye karatasi. Nikaona hapo hapo nimweleze.

"Mama, naomba zamu yangu ya kuongoza jumuiya Alhamisi apewe mwingine."

"Unaumwa, Mama Neema?"

"Hapana, Mama. Ni moyo. Somo ni Zaburi ya 51, na mimi nikisikia tu jina la wifi nabana meno. Nitasomaje 'uniumbie moyo safi' mbele za watu?"

(Mnaonifuatilia mnalijua la wifi, ule ugomvi wetu wa kihamba, shamba la ukoo, kule Kibosho, silirudii.)

Hakuinua hata macho. "Kwani nani kakwambia uusafishe wewe?" Akageuza kitambaa. "Alhamisi uwahi."

Basi. Hakuniuliza kilichonisibu, hakunipa pole. Nilirudi Rau nimenuna. Mimi nilikwenda kwake kwa heshima ya utumishi, kwa sababu sikubaliani kabisa na kauli ya siku hizi kwamba mwenye karama asimame tu, moyo ni siri yake na Mungu wake. Kuhani Haruni na wanawe waliwekewa birika la shaba kati ya hema na madhabahu, waoshe mikono na miguu kabla ya kuhudumu, wasije wakafa. Daudi naye, baada ya nabii Nathani kumkabili kwa dhambi yake na Bathsheba, aliomba moyo safi mstari wa 10 wa zaburi hiyo, na kuwafundisha wakosaji kukaja mstari wa 13. Utaratibu uko wazi. Sasa kosa langu liko wapi?

Jumanne usiku, watoto wamelala, nikafungua Isaya 6. Nabii analia kwamba ana midomo michafu, na serafi anaruka na kaa la moto alilolitwaa kwa koleo juu ya madhabahu, anamgusa kinywa. Ndipo Isaya anasema, "Mimi hapa, nitume mimi." Nilisoma tena na tena. Hakuomba ruhusa aende kwanza nyumbani kujitakasa. Moto ulimkuta pale pale alipokuwa, na ulitoka madhabahuni, haukutoka kwake.

Na ile Mathayo 5 niliyokuwa nimeishikilia, ya kuiacha sadaka ukapatane na ndugu yako, inamhusu ndugu aliye na neno juu yako. Mwenye neno hapa ni mimi. Wa namna yangu anaambiwa Marko 11:25, "kila msimamapo na kusali, sameheni". Nikimpisha mwingine zamu, nitasimama lini?

Nilicheka peke yangu jikoni, kicheko cha kushukuru. Mama Mzee huyu! Hata pole angenipa isingenifikisha hapo.

Alhamisi niliwahi. Mstari wa 10 sauti ilikwama, nikanyamaza kidogo, nikaendelea. Kwenye maombi nikamtaja wifi kwa jina, nikamwombea afya, nikaombea na kahawa yake ya kile kihamba. Nililia, akina mama wakalia nami, na nilipokaa kifua kilikuwa chepesi. Sidhani kama imeisha. Haruni alinawa kila alipoingia hemani, nami najua wifi anakuja Pasaka.

Sasa ng'ombe. Tangu jana jioni hagusi majani, maziwa yamepungua nusu, na bwana mifugo hapokei simu. Aliye huku Rau anayemjua mwingine wa karibu aniandikie leo leo, tafadhali.