Hapana, sio plastiki: miezi yangu kwenye grinhausi za Epcot

Swali nililoulizwa kuliko yote kwa miezi sita ile ni hili, "hivi hayo maboga ni ya kweli?" Linatoka kwenye boti, mara nyingi mtoto ndo anauliza ila kuna siku ni mtu mzima kabisa, na mimi nimesimama katikati ya mistari ya mimea na ndoo mkononi, boti inapita taratibu wala haisimami kwahiyo nina kama sekunde tano tu za kujibu. Nilikuwa nasema kwa sauti, "ya kweli kabisa!", alafu hiyo imeshaenda na nyingine inakuja.

Kwa msiopajua, Epcot ni moja kati ya bustani nne kubwa za burudani za Walt Disney World kule Florida, Marekani, ilifunguliwa tarehe 1 Oktoba 1982 na tangu siku hiyo ya kwanza kuna jengo linaitwa The Land ambalo lina grinhausi ndani yake, yaani nyumba za vioo za kukuzia mimea, mazao yanalimwa humo na watu wanapitishwa kwa boti kuyaangalia. Safari yenyewe siku hizi inaitwa Living with the Land, ni kama robo saa hivi. Sasa mwanzoni kabla hamjafika kwenye mimea mnapita msitu wa kutengenezwa, jangwa la kutengenezwa, nyati wa bandia, nyumba ya mkulima na mbwa wake wa bandia, ndo ghafla mnatokea kwenye mwanga mnaonyeshwa mbiringanya mrefu kuliko mtu umetambazwa juu kwenye waya kama mzabibu. Lazima uulize. Ningekuwa mimi kwenye boti ningeuliza pia.

Mimi nilikuwa intani wa sayansi ya mimea, yaani niko kwenye mafunzo kazini. Nilikuwa nimetoka darasani nimejaa picha za vitabu, kloroplasti, ziada ya naitrojeni, sijui nini, lakini boga sijawahi kulishika likiwa na umri wa siku mbili.

Kazi ya kwanza niliyoipenda, na mpaka leo ndo naikumbuka kuliko zote, ni kuchavusha. Kwenye grinhausi tulikuwa tunafanya kazi ya nyuki sisi wenyewe, kwa mkono. Ua la boga linafunguka alfajiri na likifika karibu na saa sita mchana limeshaanza kujikunja, na ua jike linapata siku moja tu, ikipita imepita. Kwahiyo asubuhi boti hazijaanza, taa nyingine bado zimezimwa, unatembea kwenye mistari unatafuta maua majike, utayajua manake chini ya ua kuna kiboga kidogo tayari kama gololi ya kijani, ua dume lenyewe lina kijiti chembamba tu. Unachuma dume, unachana petali zake za njano zote inabaki ile nguzo ya katikati yenye chavua, vidole vinakuwa vya njano, alafu unaigusisha ndani ya ua jike, kote, taratibu, usiache upande manake chavua ikiwa chache boga linakua limepinda. Ukimaliza unafunga utepe wenye tarehe. Wiki yangu ya kwanza nilichelewa mstari mmoja, nikafika maua yameanza kufunga nikasema aah bado, nikachavusha hivyo hivyo. Baada ya siku chache vile viboga vikageuka njano kimoja kimoja vikadondoka. Utepe wenye mwandiko wangu ukabaki unaning'inia kwenye kikonyo kitupu na niliumia sana, sikurudia tena.

Kile kilichoshika, kikifika ukubwa wa ngumi hivi tunakivalisha boksi la plastiki linaloonyesha ndani lenye umbo la kichwa cha Mickey Mouse, masikio na nini. Boga halijui, linaendelea kunenepa tu mpaka linajaza kila kona, masikio ndo ya mwisho kujaa. Ndo maana watu hawaamini! Wanaona boga lina masikio wanasema hii wamechonga, kumbe hakuna aliyechonga kitu, ni shinikizo la maji ndani ya seli zake zenyewe ndo linasukuma mpaka kwenye masikio. Hilo nililisoma darasani nikalifaulu, lakini kulielewa nimelielewa pale nilipoweka kiganja juu ya boksi nikalikuta limekaza kama tairi.

Udongo kama udongo mle ndani hauna kazi kubwa. Kuna mimea kwenye mchanga, kuna ya kwenye mifereji mirefu ambapo maji yenye virutubisho yanapita chini kwenye mizizi kama utando mwembamba tu, letusi inapenda sana huo mfumo, na kuna ile iliyoning'inizwa juu kwenye reli mizizi iko hewani kabisa inazunguka, ikifika sehemu inapitishwa kwenye boksi inanyunyiziwa, inaendelea na safari. Wageni wanaona maajabu, mimi nilikuwa naona jinsi mmea ulivyo uchi pale. Kwenye udongo ukisahau kumwagilia siku moja ardhi inakubebea, ina akiba. Kwenye mfereji hakuna akiba, pampu ikisimama kwenye joto la Florida masaa machache tu letusi zimelala. Kwahiyo unapima asidi ya maji, kile kipimo cha pH, unataka iwe kama 5.5 mpaka 6.5, unapima chumvichumvi, unaandika, unasikiliza pampu. Nilifika mahali nikawa nasikia sauti ya maji hata nikiwa nimelala.

Na nyanya! Kuna mnyanya pale unaitwa mti wa nyanya na haujaitwa hivyo kwa kutia chumvi, umetandazwa juu ya kichanja matawi yameenda pande zote na nyanya zinaning'inia juu ya vichwa kama shanga. Mmoja wa aina hiyo pale pale Epcot uliingia kwenye rekodi za Guinness, kati ya Mei 2005 na Aprili 2006 walichuma nyanya 32,194 kwenye mmea mmoja, jumla kama kilo 522. Mmea mmoja jamani. Siri yake nyingi ni kutokuuonea huruma, mwanzoni unakata maua yote kwa miezi ili nguvu iende kwenye matawi kwanza, mgeni akikuona unakata maua anasikitika kweli. Na mazao hayatupwi, mengine yanaenda jikoni kwenye mgahawa wa Garden Grill humo humo kwenye jengo, mtu anakula saladi ambayo nusu saa kabla aliipita na boti akiuliza kama ni plastiki.

Ila ushahidi wangu mkubwa kwamba ni ya kweli ulikuwa wadudu. Plastiki haiingiliwi na inzi weupe. Ukigeuza jani la nyanya ukakuta vijivipande vyeupe vinaruka kama unga, hapo kazi imeanza. Badala ya kukimbilia sumu tulikuwa tunatundika vikadi vidogo vilivyobandikwa nyigu wachanga, nyigu wenyewe hawafiki hata milimita moja na binadamu hawamuumi kabisa. Jike anataga yai ndani ya kichanga cha inzi mweupe, yai linaanguliwa linamla kutokea ndani, na kile kichanga kinageuka cheusi. Basi unahesabu vyeusi na vyeupe chini ya jani kwa lenzi ya mkononi, vyeusi vikizidi unashukuru. Kuna asubuhi nilimwona mmoja anatoka, amekata kishimo cha duara safi kwenye lile ganda jeusi, kichwa kikatoka, akapumzika, akatoka miguu. Mimi nimepiga magoti sakafuni na boti ikapita nyuma yangu, nikasikia mtu anauliza "anafanya nini yule?" na sikugeuka.

Tulikuwa tunachukulia wadudu kwa uzito na sababu ilikuwa nje ya mlango tu. Florida ni jimbo la machungwa, na mwaka 2005 uligundulika huko ugonjwa wa bakteria unaosambazwa na kidudu kidogo kinachofyonza utomvu, majani yanakuwa na madoa ya njano, machungwa yanabaki madogo ya kijani na machungu alafu mti unakufa polepole. Msimu wa 2003-04 walivuna maboksi milioni 242, msimu wa 2022-23 hawakufika hata milioni 20. Ndani kuna limau lile kubwa ambalo kila mtu analipiga picha, kichwa cha mtoto kabisa, wageni wanacheka wanafurahi, na mimi kila nikipita hapo nageuza majani yake kwanza.

Siku nyingine nilikuwa natembeza wageni kwa miguu, ziara inaitwa Behind the Seeds, na huko ndo unapata muda wa kuongea na watu. Mara moja nilikuwa na mzee mmoja wa Tennessee, jimbo jingine la Marekani, kimya muda wote mikono mfukoni, tukafika kwenye mtama akasimama. Akaniuliza kwa sauti ya chini kama anaruhusiwa kushika. Nikamwambia mzee shika tu. Akashika bua, akalipapasa mpaka kwenye fundo, akaniambia babu yake alikuwa anakamua mabua haya anachemsha sharubati kwenye sufuria pana uani, na nyumbu, yule mtoto wa punda na farasi, ndo anazungusha kinu, na yeye alikuwa hajaushika mmea huu tangu utotoni. Nikamwambia sisi mtama ni uji na ugali, mabua tunatafuna tukiwa watoto. Akacheka akasema "kumbe na nyie mnatafuna!" Zao limetoka Afrika, likafika kwao, na tumekutana nalo kwenye grinhausi ya vioo wawili sisi. Yule hakuuliza kama ni ya kweli.

Asubuhi yangu ya mwisho niliomba nipewe maboga. Kulikuwa na maua majike matatu tu yamefunguka. Nikachuma dume, nikachana petali, nikachavusha yote matatu, la mwisho nililirudia mara mbili. Nikaandika tarehe kwenye tepe, nikafunga, na nilijua boksi likija kuvalishwa nitakuwa sipo. Boti ya kwanza ikaingia nikiwa bado nimeinama pale, kasichana kamesimama mamake anakavuta kakae, kakaniona na vidole vya njano kakapiga kelele, "wewe ndo nyuki?"

Nikamwambia ndio.