Fundi aliniambia gesi imeisha

Niseme mapema: kompyuta sijaisomea. Nahariri video za harusi hapa Dar es Salaam, kwenye chumba ambacho saa nane mchana mwezi wa Februari hata mjusi anatafuta kivuli. Ndiyo maana nilijipinda nikanunua mashine inayopozwa kwa maji: pampu imekaa juu ya prosesa (ubongo wa kompyuta), rejeta ya feni mbili imefungwa darini mwa kasha. Mwaka mmoja na ushee sikuisikia hata ikikohoa. Halafu ikaanza kuzimika katikati ya kurenda, yaani pale inapopika video niliyohariri iwe faili moja lililokamilika.

Fundi wa kwanza, tena mwenye duka la kioo na kiyoyozi, aliinamisha sikio kama daktari, akasema, "Kaka, gesi imeisha." Gesi! Nikamwambia hii si friji. Akasema basi tuifungue, tuongeze maji. Mfumo wenyewe umezibwa kiwandani, hauna hata pa kumiminia. Nikabeba mashine yangu nikaondoka. Wa pili akanibadilishia pesti ya prosesa, ile inayopakwa chini ya pampu ili ipitishe joto, elfu ishirini hivi pamoja na "usumbufu". Joto likashuka kutoka digrii 96 hadi 94. Asante.

Aliyenisaidia ni shemeji yangu, fundi magari, ambaye kompyuta anaijua kwa kuangalizia mpira tu. "Umeshika hosi zake?" Nizishike vipi? "Shemeji, rejeta ni rejeta. Moja ikiwa ya moto na mwenzake ya baridi, maji hayatembei. Zote zikiwa za moto, maji yanatembea, ila joto halina pa kutokea." Nikawasha, nikaacha ifanye kazi, nikashika. Zote za moto, sawasawa. Pampu nzima.

Hapo ndipo nikakumbuka jambo nililokuwa nalitazama kila siku bila kulifikiria: joto la prosesa lilikuwa linapanda taratibu, dakika 15 hadi 20, ndipo mashine inakata. Pampu ikifa, au kichwa chake kikikaa vibaya juu ya prosesa, namba inaruka hadi tisini na kitu ndani ya sekunde chache. Inayopanda kwa kujivuta ni maji yanayopata moto pole pole kwa kukosa upepo. Halafu kuna ile siku nilifungua ubavu wa kasha nikaielekezea feni ya kusimama ya watoto, ikarenda hadi mwisho! Jibu nilikuwa nalo sebuleni.

Rejeta nilishaimulika kwa tochi mara tatu. Kwa juu, mapezi yake, vile vibamba vyembamba vya kutolea joto, yanang'aa. Kumbe vumbi linajificha chini yake, kati ya feni na rejeta, na bila kung'oa feni hulioni. Skrubu nane, nikakutana na blanketi. Sitanii, lilibanduka zima kama ngozi ya mbuzi. Nikamalizia kwa brashi ya rangi na blowa ya mke wangu, upepo wa baridi. Ukipuliza feni, zuia mapanga yake kwa kidole yasizunguke ovyo. Na skrubu ndefu usizichanganye na fupi: ndefu ikiingia pasipo feni inatoboa rejeta, na hapo utaitafuta kweli hiyo gesi.

Nikafunga, nikajipiga picha na lile blanketi, nikamtumia shemeji. Nikawasha. Digrii 91.

Nilikaa chini sakafuni. Feni zote zinazunguka, rejeta safi, pampu nzima. Nikaweka kiganja juu ya kasha: upepo upo. Nikasogeza: upepo upo, lakini kama vile si uleule. Nikaenda chumbani, nikachomoa kijiti kimoja cha udi wa mama watoto, nikakiwasha na kukipitisha juu ya rejeta. Upande wa nyuma moshi ukapaa moja kwa moja. Upande wa mbele ukasita, ukapinda shingo, ukazama ndani ya kasha! Nilikuwa nimefunga feni moja kichwa chini. Mmoja anatoa joto nje, mwenzake analirudisha ndani, na mimi nalipia umeme wa wote wawili.

Feni zangu hazina mshale, ila alama ipo: upepo hutokea upande wenye ile mikono inayoshika mota. Sasa najua. Nikageuza, nikapima tena kwa udi, mioshi miwili ikapaa pamoja kama maharusi. Nikiwa humohumo nikakuta pampu nayo imewekewa mpangilio wa kupunguza kasi kama feni; nikaiacha izunguke kasi yote. Harusi ya saa tatu ikarendwa bila kukatika, joto likigota 75.

Mke wangu akarudi, akasimama mlangoni akinusa. "Kuna mgeni gani humu?"

Nikamwonyesha kompyuta. Kijiti bado ananidai.