Kokasi ya kwanza, na ya mwisho

Tarehe 3 Februari 2020, saa moja usiku, nilikuwa kwenye ukumbi wa shule hapa Iowa, Marekani, kwenye kokasi ya chama cha Democrat, yaani mkutano wa wafuasi wa chama wa kuchagua mgombea wa urais, uraia wangu hata mwaka haujatimiza. Hakukuwa na sanduku la kura. Ulikuwa unasimama kwenye pembe ya mgombea wako, watu wanahesabiwa vichwa. Pembe yetu haikufika asilimia 15, basi ikabidi tutafute pa kuhamia. Jirani akanifuata na sahani ya biskuti, "njoo kwetu." Bosi wangu yuko pembe ya pili, ananitazama tu. Nikaenda kwa bosi. Sijivunii.

Nikamkumbuka marehemu baba. Mwaka 1988 huko Kenya chama tawala, KANU, kilifanya mchujo kwa mlolongo, watu nyuma ya mgombea mchana kweupe. Baba alisimama alikosimama chifu.

Mazungumzo ya majirani niliyapenda, sikatai. Lakini rafiki yangu wa zamu ya usiku hakuweza hata kuja. Wenzetu wa jimbo jirani la Minnesota mwaka huohuo wa 2020 walishahamia kura ya mchujo: unaingia, unapiga kwa siri, unawahi kazini. Mimi nataka hiyo.

Biskuti zenyewe sikuonja.